Maiki Haitoki Mkononi

Nilimaliza chuo na digrii ya mawasiliano, na kwa miaka miwili sikuwa na wa kuwasiliana naye ila mama yangu, ambaye kila asubuhi aliniuliza kama hiyo digrii inajua kuosha vyombo. Mwishowe alinipeleka kwa jirani yetu hapa Kisumu, mwalimu wa hisabati aliyestaafu na kuwa emsii wa matanga, anayeogopwa hadi Bondo. Mzee alitaka msaidizi. Mimi nilitaka mahali pa kujishikiza tu, hadi televisheni itambue inachokosa.

Kwetu mazishi ni shughuli. Kuna mahema, viti vya kukodi, programu iliyochapishwa kwa rangi, na watu ishirini ambao kila mmoja ameahidi kusema maneno mawili. Msemaji huanza kwa kuwataja wakubwa wote waliopo, mmoja baada ya mwingine, hata aliyeenda msalani, kisha anasema itifaki izingatiwe. Marehemu peke yake ndiye hana la kuongeza. Kazi ya emsii ni kuhakikisha anazikwa siku hiyo hiyo.

Japuonj, yaani mwalimu, ndivyo sote tulivyomwita, alikuwa na sheria moja: maiki haitoki mkononi. Unaishika wewe, unamsogezea msemaji, na dakika tatu zikiisha unaiondoa na kusema, "Asante, ujumbe umefika." Niliwahi kumwona akimkata askofu aliyekuwa bado kwa Ibrahimu. Isaka hatukumfikia.

Miezi minne sikuigusa hiyo maiki. Kazi yangu ilikuwa kukunja waya, na kabla ya hapo kusimama nyuma ya hema la mwisho, wanakoketi akina mama wazee ambao hakuna anayewatambua, nikiwa na saa na daftari. Tukimaliza, Japuonj aliniuliza swali lile lile: "Wamama wa nyuma walisikia?"

"Walisikia."

"Walisikia nini?"

Nikibabaika alinirudisha kuwauliza mmoja mmoja, nikiwa na viatu vyangu vya mahojiano kwenye tope. Nilimchukia mzee yule, siwezi kuficha. Nyumbani nilimwigiza kwa mwiko, nikimkata mama yangu katikati ya sentensi, hadi akaniahidi kunichapa na mwiko huo huo.

Aliyenifanya nirudi kila wiki ni mkewe, mama mcheshi aliyenipa chai na mandazi kabla hata sijakaa. Kumbe Japuonj aliyewakata maaskofu hakuwa na breki nyumbani kwake. Alianza na mvua, akapitia siasa, akamalizia na wanafunzi wa zamani walioshindwa na logarithimu. Mama yule alimsikiliza huku anapepeta mchele.

"Soma haraka, nyathina," aliniambia, akimaanisha mwanangu. "Huyu mzee akishakufundisha kukata watu, uanze na yeye. Mimi nimengoja miaka thelathini na nane."

Japuonj alicheka, kisha akaendelea pale alipoachia.

Siku niliyopewa maiki tulikuwa Katito, kijana wa watu amefariki. Saa saba akafika mheshimiwa, magari manne na vumbi lake. Nilikuwa nimejiandaa. Lakini aliponyoosha mkono na kutabasamu, nilimpa maiki kwa mikono miwili, na goti nikalikunja kidogo. Alituhutubia dakika arobaini kuhusu barabara ambayo iko njiani kujengwa. Bado alikuwa kwenye madaraja mvua ilipoanza, na mvua ya huko Nyakach haijali itifaki. Alipomaliza kaburi lilikuwa limejaa. Vijana waliyachota maji kwa karai huku jeneza likingoja chini ya hema na magari manne yakiondoka.

Japuonj hakunifokea. Alinishika mkono akanipeleka kwa mama wa marehemu. "Mwambie," alisema.

Niliomba msamaha. Mama yule, leso imemlowa begani, akaniuliza, "Ulimwogopa yeye kuliko mimi?"

Ninapoliandika swali hilo bado uso wangu unachomeka kwa aibu.

Nilidhani nimefukuzwa. Juma lililofuata nilirudishwa nyuma ya hema, na saa yangu na daftari langu, miezi mitatu mizima. Niliporudishiwa maiki nilikuwa mtu mwingine. Nilimkata mwenyekiti wa chama. Nilimkata mjomba aliyekuwa anagawa shamba hadharani. Mheshimiwa mwingine aliponyoosha mkono, nilimsalimia.

Kisha mke wa Japuonj akafa, ghafla, kwa presha. Maemsii wakubwa walipiga simu kujitolea. Japuonj aliwajibu wote, "Atashika huyu." Sikulala vizuri wiki nzima. Boma lao la kijijini liko karibu na Ahero, ambako mvua ikianza saa nane, saa tisa una ziwa la pili. Nikishindwa tena, aliyenilisha mandazi atazikwa kwenye tope, mbele ya macho ya mumewe.

Programu ilikwenda sawasawa hadi Japuonj aliposimama. Alieleza alivyomkuta shuleni, msichana anabeba kuni za jikoni, na jinsi msichana huyo alivyomcheka viatu. Dakika tatu zikaisha. Akaingia kwenye mvua ya mwaka ule, akapitia siasa, akafika kwa wanafunzi wa logarithimu. Nilielewa: akinyamaza, tutambeba mkewe kwenda kaburini. Wingu lilikuwa limeshavuka kutoka ziwani. Wazee wa mstari wa mbele walinitikisia kichwa, mwache. Mimi nilimwona akilini yule mama wa Katito na leso yake, halafu nikamtazama aliyelala kwenye jeneza, aliyengoja miaka thelathini na nane.

Dakika ya kumi na moja niliondoa maiki. Japuonj aliikamata, mkono wake juu ya wangu, na tukabaki hivyo mbele ya umati mzima.

"Asante, Japuonj," nilisema. "Ujumbe umefika."

Aliachilia.

Mvua ilianza udongo wa mwisho ukiwa umeshasawazishwa. Nilimkuta Japuonj amekaa peke yake chini ya hema, kwenye kiti cha plastiki, nami nikasimama mbele yake nikingoja hukumu.

"Nilichukua ngapi?"

"Kumi na moja."

"Nane zaidi. Ulimwogopa nani?"

"Sikuogopa. Nilikuhurumia."

"Hiyo pia ni kosa." Aliangalia mvua. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Wamama wa nyuma walisikia?"

Nilikuwa nimeshawauliza, mmoja mmoja.

"Walisikia. Wanasema alikuwa anabeba kuni, akakucheka viatu. Mmoja anauliza vilikuwa viatu gani."

Japuonj alijifuta uso kwa kitambaa, akakikunja polepole na kukirudisha mfukoni.

"Basi kunja waya," alisema.