Ubongo Usiowaka

Komeo alidaka mpira kwenye timu ya taifa ya wanawake mpaka magoti yakagoma, na jina hilo alipewa na washabiki kwa sababu mpira ulikuwa haupiti. Siku hizi anapiga pasi nguo za watu kwenye duka la dobi, wala hana kinyongo. Anayemtia kinyaa ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mwanamume mwenye maneno matamu mpaka yanakera.

Shemeji amefungua kituo cha kupima bongo za watoto. Mtoto anavishwa kofia yenye nyaya, anaonyeshwa penalti kwenye skrini, anabonyeza upande anaodhani mpira utakwenda. Ubongo ukiwaka mwekundu, mzazi anaambiwa amezaa bingwa. Ukibaki wa buluu, pole.

Mwanzoni alimbembeleza Komeo awe mfano. Komeo alikaa akatazama nyonga za wapigaji, akapatia zote, na ubongo wake ukatoka buluu tupu. Fundi wa mashine akaeleza kwamba ndivyo inavyotakiwa: aliyeizoea kazi ubongo wake hauhangaiki, anayewaka kila kona ni mgeni anayebahatisha. Shemeji akaitikia vizuri tu. Kisha akavaa kofia yeye mwenyewe, akakosa karibu zote, akawaka kama jiko, na picha hiyo akaitundika ukutani kwa jina la Komeo.

Komeo aliisikia habari hiyo mchana wa leo, tena kwa mdomo wa binti yake. Jioni hiyo kungekuwa na majaribio ya timu ya vijana, na binti, naye kipa, alikuwa amejilaza kitandani, hataki kwenda. Alikuwa amekwenda kupimwa kwa siri, akatoka buluu. Baba mdogo alimwonyesha ile picha nyekundu, akamwambia kwamba kwa mama yake hakuchukua kitu.

Komeo akamshika binti mkono, wakaingia kituoni mbele ya wazazi waliokuwa wakisubiri. Alimwambia shemeji aseme ile picha ni ya nani. Shemeji akatabasamu, akasema ni ya shemeji yake mpendwa, nani asiyejua.

Uso mkavu kama nini! Komeo alikaa kitini, akajivisha kofia, akamwomba fundi awashe. Penalti zikapita, vidole vikabonyeza, akapatia kama kawaida yake. Ubongo ukatokea skrini nzima, buluu.

Shemeji hata hakumeza mate. Aliwageukia wazazi, akawaambia kwa upole kwamba umri haumwachi mtu, hata bingwa huzimika. Wazazi wakatikisa vichwa kwa huruma. Mmoja akasogeza mtoto wake mbele ili asikose zamu.

Komeo alivua kofia kama anayevua kitu kilichookotwa jalalani. Alitaka kumtukana shemeji yake, ila binti alikuwa amesimama mbele ya skrini, haondoki.

"Mama, mimi nilipatia ngapi?"

"Sijui, mwanangu. Baba yako mdogo alikwambiaje?"

"Hakuziangalia. Aliangalia rangi tu."

Fundi aliinama kwenye mashine, akalitafuta jaribio la binti, akasoma kimyakimya. Kisha akamtazama Komeo.

"Zote," akasema. "Mkimbize uwanjani."