Vigingi vya Ukuta wa Bwawa

Wanafunzi walimwita Mama Vigingi, na jina likamganda. Mhadhiri huyu ujana wake wote aliumalizia kwenye ukuta mmoja wa udongo, ule unaozuia maji ya bwawa juu ya mji. Alipigilia vigingi vya chuma kwa mstari, akapitisha umeme kidogo ardhini, na kompyuta ikamchorea tumbo la ukuta: pakavu pekundu, penye maji buluu. Kila baada ya mvua alirudi palepale. Kigingi kikihama hata upana wa kiganja, picha ya leo hailingani tena na ya jana.

Nenda kawaeleze wakubwa wa chuo sasa! Kamati ya kupandisha vyeo ilimtosa tena. "Dokta, unapima mahali palepale kila mwaka. Jipya liko wapi?" Jamani! Jipya si ndilo hilo, kwamba ile buluu ilikuwa inasogea? Alifika nyumbani amefura, akabamiza mlango.

"Mume mwenzangu kafanya nini leo?" mumewe alimtania. Ndivyo alivyouita ule ukuta.

"Niache, baba watoto. Mvua hizi zikiisha nikapima mara moja tu, nitajua kama maji yanautafuna au yametulia. Na binti yako kajenga bondeni, chini yake."



Mvua zikaisha. Akabeba mashine yake, akafika bwawani, akaduwaa. Nyasi zimefyekwa, ukuta umesawazishwa vizuri, na kigingi hakuna hata kimoja. Meneja wa bwawa akaja anatabasamu, gunia mkononi.

"Shikamoo, Mama. Tulikuwa na wageni wakubwa, tukaona tukung'olee vyuma vyako, vilikuwa vinaharibu sura. Tumevisugua kabisa, tazama."

Loo! Vilikuwa vinang'aa kweli. Badala ya kuitikia salamu, akainama kutafuta mashimo ya vigingi. Mashimo yalishafukiwa na kushindiliwa. Angepigilia upya angepata picha moja safi, isiyo na mwenzake wa kulinganishwa naye. Kazi ya maisha yake waliifuta kwa fyekeo na sururu, tena kwa nia njema!

Meneja alipoona uso wake, tabasamu likafutika. "Lakini Mama, ukuta si uko salama?"

"Mngeniachia vyuma vyangu, leo ningekujibu."

Akatoa simu, akampigia binti yake.

"Mwanangu, chukua watoto mje kwetu. Leo hii. Usiniulize kwa nini, mama, maana hata mimi sijui."