Mkutano wa Wenye Kiu

Wakati wa Mwingereza mume wangu alikuwa fundi cherehani, akishonea kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja mjini Arusha. Sisi tulikaa Akheri, na kila asubuhi alishuka kwa miguu pamoja na kina mama wauza ndizi. Pombe ilipomshika, mikono ikaanza kutetemeka na mishono ikapinda. Mwenye duka alivumilia sana. Mwishowe akamwambia akae nyumbani mpaka apone.

Nilimshukuru Mungu kwa neno hilo, apone, maana hakuna mwingine aliyeuita ulevi wake ugonjwa. Kwetu Meru mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ndiyo posa, ndiyo matanga, ndiyo kupatana kwa waliogombana. Ukimwambia mwanamume aache mbege, anaona umemwambia auache ukoo. Kwenye maombi ya kina mama nilisikia kwamba wapo wanaume wanaokutana ili wasaidiane kuacha, ila mahali penyewe hapakujulikana. Niliuliza hata zahanati ya misheni. Muuguzi akanijibu kwa upole kwamba dawa ya malaria anayo, ya minyoo anayo, ya pombe hana.

Jumapili moja, baada ya ibada, rafiki wa kilabuni wa mume wangu alikuja mbio.

"Shemeji, bwana yuko wapi? Mwinjilisti ametangaza mkutano wa wenye kiu, kwa yule Mchaga seremala. Nasikia kibuyu kinazunguka bure!"

"Mwinjilisti atangaze pombe?" nikasema.

"Shemeji, siku hizi hata kanisa limetuonea huruma."

Mume wangu alikwisha kuvaa koti. Niliwafuata nyuma, nimekasirika, nikikusudia kumtoa huko hata kwa kumvuta mkono.

Kwenye karakana ya seremala wanaume walikuwa wameketi juu ya mbao, na kweli kibuyu kilizunguka, kuanzia kwa mzee hadi kwa kijana, kama desturi yetu ilivyo. Mume wangu alikipokea kwa mikono miwili. Akapiga funda. Akachungulia ndani ya kibuyu.

"Hiki ni nini?"

"Uji wa ulezi," akajibu seremala.

"Mmesahau kuuchachusha?"

"Hatukusahau, ndugu yangu. Hapa sote ni walevi. Tumekuja kujifunza kunywa kitu kingine."

Rafiki yake alicheka mpaka akajishika mbavu. "Wanaume wazima na ndevu zao wananyweshwa uji! Twende, bwana, kabla hawajatufunga nepi."

Akaondoka peke yake. Mume wangu alitaka kukirudisha kibuyu, lakini mikono ilitetemeka vibaya na uji ukamwagikia koti. Seremala alikishika kibuyu kwa chini, wakakishika pamoja, na hakuna aliyecheka. Nadhani ni hilo lililomkalisha. Nami niliyekuja kumtoa, nikakaa mlangoni juu ya rundo la maranda, nikalia kimya.

Tangu siku hiyo hakukosa Jumapili. Kila mmoja alieleza juma lake lilivyokwenda, mahali alipojikwaa na mahali alipopita salama, kisha waliomba. Mikono ikatulia. Mhindi akamrudishia cherehani yake.

Kisha baba mkwe akaugua, akawaita wanawe awabariki kabla hajafa. Hakuwa Mkristo, naye alishika mambo ya wazee. Baba hupiga funda la mbege, humtemea mwanawe kifuani pamoja na maneno ya baraka, na mwana huimaliza iliyobaki. Mume wangu alikuwa mkubwa, kwa hiyo alitangulia. Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, naomba unibariki kwa maziwa."

"Maziwa tunabarikia watoto na ng'ombe. Wewe ni yupi?"

"Basi nitemee mbege yako, baba, ila mimi nisinywe. Nikinywa leo sitarudi."

Mzee alimtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu asiyemtambua aliye mbele yake. "Nani amewahi kubarikiwa nusu?" akasema. Akakielekeza kibuyu kwa mdogo wa mume wangu.

Mume wangu alibaki amepiga magoti mpaka mdogo wake alipomaliza kunywa. Mzee alizikwa juma lile lile. Ndugu walimsogeza nyuma makaburini, wakisema amemkataa baba yake kwa ajili ya uji. Jumapili alikwenda kwa seremala, akawaeleza yote. Waliomba, lakini hata wao hawakujua la kumwambia, maana nao walikuwa na baba zao ambao siku moja wangewaita.

Hakunywa tena mpaka alipofariki. Namshukuru Mungu kila ninapoamka, nami nimefundishwa tangu darasa la ubatizo kwamba baraka za Mungu hazizuiliwi na mwanadamu. Nilimwambia hivyo mara nyingi. Aliitikia, "Ni kweli, mama."

Lakini kijana wetu wa kwanza alipokuwa anakwenda kuoa, akapiga magoti uani mbele ya baba yake, mume wangu aliinua mkono, akaushusha.

"Mbariki wewe, mama," akaniambia. "Mimi sikupewa, nitampa nini?"

Nikaweka mkono juu ya kichwa cha mwanangu, nikaomba kama nilivyojua. Nilipofumbua macho, mume wangu alikuwa amesogea kwenye migomba, ametugeuzia mgongo.

"Haya, nendeni," akasema bila kugeuka. "Wakwe wanangoja."