Mama Charline agomea antena kushushwa

Ni mimi, mwandishi wa habari hii, niliyekata laini. Heri niseme mwenyewe kabla Mama Charline hajawaambia.

Saa mbili asubuhi, katika depo ya dawa kwenye barabara ya Sake, Kahindo Charline ameketi mbele ya kompyuta iliyozeeka. Anaandika AT, amri ya kuamsha modemu. Kioo kinajibu OK. Anaandika ATD, amri ya kupiga, na namba ya kituo cha afya kilicho milimani Rutshuru, mahali ambapo simu ya mkononi haishiki kitu. Modemu, kisanduku kinachogeuza herufi kuwa mlio, iliyoungwa na redio ya mawimbi, ile ambayo hapa Goma tunaita foni, inaanza kupiga kelele kama mbuzi aliyekanyagwa.

Nikadhani inaungua. Nikachomoa waya.

"Papa! Umefanya nini?"

"Nilisikia inalia, mama."

"Na mutoto akilia, unamuzima?"

Anacheka kidogo, anaunga waya, anaanza upya. AT. OK. ATD.

Upande wa pili yuko Habineza, muuguzi. Nauliza kwa nini wasiongee tu kwa sauti. "Kwa sauti, jina la dawa linamezwa na makelele," Charline anasema. "Modemu inarudilia mpaka herufi yote ifike. Mama mwenye kutoka damu hawezi kungoja mimi nibahatishe."

Dawa haiandikwi kwanza. Kwanza anaandika: "Muko je kule?" Habineza akijibu kwa neno moja tu, Charline hagusi habari ya dawa. Anamuuliza amekula, amelala, watoto wako wapi. "Mutu mwenye woga anasahau kuandika kitu," anasema.

Leo jibu ni refu. Anatabasamu.

Kazi hii aliianza akiwa msichana, na modemu imetengenezwa mara nyingi kuliko pikipiki ya shemeji yangu. Ndoto yake ni kupata ya pili, aiweke kituo cha Kibati, amfundishe mwenzake Uwingabire amri zote.

Lakini leo hata ile ya kwanza iko hatarini. Mlango unafunguliwa. Anaingia mkurugenzi wa depo, Honoré, na mafundi wawili wenye ngazi. Wamekuja kushusha antena ya foni.

"Mama Charline, dunia imesonga. Centre zote za afya ziko kwa WhatsApp."

"Zote? Habineza iko na WhatsApp gani, Chef? Ya mawe?"

"Tutamtuma motari na pikipiki yake."

"Barabara ikifungwa, motari ataruka?"

"Ni amri ya bureau, mama. Usinichoshe."

"Mimi sichoke. Ngazi muiache kule nje, inakwaruza sakafu ya sima."

Fundi mmoja anacheka, anaona uso wa bosi, anakohoa. Mwingine amesharudisha ngazi mlangoni.

Kwenye kioo maneno ya Habineza yanaingia, herufi moja moja: serumu, glavu, dawa ya kuzuia damu. Halafu yanasimama. Habineza anangoja jibu.

Charline anainuka. Nilidhani ameshindwa. Hapana. Anapangusa kiti kwa kitenge chake na kukisogeza mbele ya Honoré.

"Karibu, Chef. Kibodi njo hii. Mimi dawa zake nitaziandika, lakini kama leo ni mwisho, hiyo sitaiandika. Umwambie Habineza wewe mwenyewe."

Honoré anaangalia kiti. Mafundi wanaangalia dari. Mimi naangalia viatu vyangu.

"Ikala kwa kiti, Chef. Andika."