Pointi Tano Chini ya Kichuguu

Kutoa pointi kwenye uso wa ardhi ni kazi ya dakika nne. Unafungua mchoro, unachagua uso wenyewe, ule wavu wa pembetatu unaoonyesha mabonde na miinuko, unaiamuru kompyuta igeuze kila kona ya pembetatu kuwa pointi, kisha unasubiri. Inakuletea faili refu la maandishi: namba ya pointi, mashariki, kaskazini, mwinuko, na mwishoni herufi mbili, TN, kifupi cha Kifaransa cha ardhi ya asili. Nimefanya hivyo mara nyingi hata mkono unajua njia bila mimi. Mara moja tu nilifanya nikimtafuta mtu.

Mtaa wetu mjini Kolwezi, huko Katanga, ulikuwa umefikiwa na shimo la mgodi. Kuta zilikuwa na nyufa za kupitisha kidole, na upande wa juu nyumba mbili zilikwisha kuanguka, moja na choo chake. Ikatoka amri kwamba wote wahame, wapelekwe kwenye viwanja vipya njia ya Nzilo. Kabla ya hapo lazima ardhi ipimwe, na ofisi iliyopewa kupima ndiyo iliyoniajiri mimi. Basi nikaenda kupima mtaa nilimozaliwa, fimbo ya GPS begani. Wengine walinisalimia kwa heshima mpya. Wengine hawakunisalimia kabisa, na walikuwa na haki yao.

Nyumba ya mama aliijenga baba kwa matofali ya udongo wa kichuguu, na kichuguu chenyewe kilikuwa nyuma ya uwanja, kirefu kuliko paa, upande mmoja kimeliwa na kazi hiyo ya matofali. Mama alinilazimisha kula kwanza. Alisema mashine haili, lakini anayeibeba anakula. Nilipomaliza bukari, ugali wa kwetu, alinifuata nje, akaitazama ile fimbo.

“Hiyo chuma inasemaka nini?”

“Inasema fasi ya kitu, mama. Hata baondoe bitu byote, unaweza kurudia pale pale.”

“Pale pale?”

“Pale pale.”

Akajifuta mikono kwenye kitenge, akazunguka nyuma ya nyumba mpaka chini ya kichuguu, akasimama.

“Njo upige na hapa.”

“Hapa kuko nini?”

“Mutoto.”

Nilikuwa na miaka sita watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walipofukuzwa Kolwezi. Baba alikuwa mmoja wao, ingawa alizaliwa hapa hapa, baba yake akiwa mfanyakazi wa mgodi. Mama ni wa kaskazini ya Katanga, kaka zake wakamwambia abaki, tena alikuwa na mimba kubwa. Baba akapanda treni peke yake. Alisema akifika atatuita. Ilikuja barua moja, halafu basi. Mimi nilikuwa namwomba Mungu kila jioni amrudishe, nikipiga magoti mpaka yakauma, kwa sababu niliamini maumivu yanasaidia.

Mimba ile ninaikumbuka. Ninakumbuka pia siku ambayo haikuwapo tena. Tuliambiwa mtoto amerudi alikotoka, na mimi sikuuliza. Kwetu mtoto aliyekufa kabla hajatolewa nje ya nyumba haliliwi. Kina mama humzika karibu na nyumba, na wengine hawaambiwi ni wapi.

“Tata yako akirudia,” mama alisema, “ataniuliza mutoto iko wapi. Nitamuonesha shimo ya mugodi? Tukihama, na yeye ahame.”

Ilikuwa karibu miaka thelathini tangu ile barua. Sikumkumbusha.

Kulikuwa na utaratibu wa makaburi. Alama yake ilikuwa TB, kaburi kwa kifupi cha Kifaransa, na kila pointi yenye TB iliingia kwenye orodha ya wafu watakaohamishwa. Nilitakiwa kubonyeza herufi mbili tu. Lakini mwenzangu wa kazi, mtu mzima mwenye mdomo usiofungwa, alikuwa amekwisha kutusogelea, na kaburi nyuma ya nyumba, kwa mtu wa namna ile, ni habari ya uchawi ya kusimulia mpaka Jumapili. Niliona aibu. Nikaiweka fimbo alipoonyesha mama, nikabonyeza TN, nikajiambia nitabadilisha ofisini. Kisha, ili nisionekane nimesimama pale kwa sababu maalumu, nikapima pointi nyingine nne kuzunguka mguu wa kichuguu, nazo zote TN.

Mama alisimama akinitazama mpaka nikamaliza. Aliniambia asante, jambo ambalo hanizoeshi.

Jumatatu mkubwa wangu alikuta kompyuta imekwama kwa uzito wa mchoro. “Fanya surface, halafu ufute pointi zote, mashine inakufa,” alisema. Ndivyo tulivyofanya siku zote: uso ukishajengwa, pointi zilizoujenga zinafutwa, maana uso unazikumbuka kwa namna yake. Nikafuta. Mchana huohuo nikasafisha na kumbukumbu ya kifaa, kwa sababu kesho yake kilitakiwa kwenye kazi nyingine huko Mutoshi.

Je, nilisahau? Sikusahau. Ningependa kuandika kwamba nilisahau. Nilikumbuka asubuhi, nikakumbuka tena kidole kikiwa juu ya kitufe, nikajisemea baadaye. Tangu amri ya kuhama itoke nilikuwa nimekufa ganzi. Nilikula, nilifanya kazi, nilicheka wenzangu walipocheka, na hakuna kilichofika ndani. Hata habari ya ndugu yangu yule wa chini ya kichuguu ilikaa juu juu tu, kama mafuta juu ya maji.

Wiki mbili baadaye wakatangaza kwamba orodha ya makaburi inafungwa. Mama, aliyekuwa amekwisha kuhamishwa, akapiga simu.

“Ulimuandika?”

“Ndiyo, mama.”

Nikakata simu, nikafungua mchoro, nikatoa pointi.

Faili lilikuja na maelfu ya mistari, pointi zote zimepewa namba mpya, zote TN. Kompyuta haikuwa na kosa, ilinirudishia kile nilichoipa. Nilikata mtaa, nikakata barabara, nikabaki na uwanja wa mama, nikabaki na mguu wa kichuguu. Pointi tano, zimepinda kama nusu ya sahani, kutoka ya kwanza mpaka ya tano hatua saba au nane. Moja ilikuwa yeye, ipi sikujua tena. Nyingine nne zilikuwa woga wangu. Nilikaa nikizitazama mpaka mkubwa wangu akaniuliza kama naumwa.

Majuto ni mjukuu, na wangu alikuja mbio. Nilimchukua mama kwenye nyumba yake mpya, nikamrudisha mtaani anionyeshe tena. Nilimwambia ni kwa kuhakikisha tu. Tulikuta nyumba zimebomolewa siku iliyotangulia. Kichuguu walikuwa wamekikata kwa mashine mpaka usawa wa ardhi, maana udongo wake ni mzuri kwa kumwagia barabara. Mama aligeuka huku na huku.

“Mulango ilikuwa wapi?” aliuliza.

Nikamwonyesha. Akatembea hatua chache, akasimama, akarudi, akasimama pengine.

“Miye sijue tena,” alisema. “Weye njo unajua. Ulimupiga.”

Nikawasha fimbo. Nilipita kwenye pointi ya kwanza, ya pili, nikasimama kwenye ya tatu. Sina sababu nyingine isipokuwa ilikuwa ya katikati, nikafikiri nikikosea nitakuwa nimekosea kidogo. Nikapigilia kigingi. Kwenye orodha niliandika TB, na penye jina nikaandika bila jina.

Wachimbaji wawili wa makaburi walikuja na kijisanduku cheupe cha mbao. Walichimba kwa adabu mpaka kiunoni. Hawakupata kitu ila udongo mwekundu. Mmoja akavua kofia.

“Mutoto mudogo sana, mama, habakie na kitu. Tunabebaka udongo.”

Wakajaza udongo, wakafunga. Ndani ya gari mama alikipakata kijisanduku mapajani, mikono miwili juu yake, njia nzima mpaka kwenye viwanja vipya. Hakuwauliza wachimbaji. Aliniuliza mimi.

“Ni yeye?”

“Ni yeye, mama.”

Tulimzika nyuma ya nyumba mpya, karibu na ukuta. Huko hakuna kichuguu, ni tambarare tu na bloku za simenti. Mama alishindilia udongo kwa miguu, akapumua, akaniambia nilete ile chuma.

“Piga. Safari hii uandike na jina yake.”

Nikamwambia hakuwa na jina.

“Nani alikuambia?”

Akanitajia. Lilikuwa jina la baba.

“Nilimupatia siku ileile. Nilifikiri tata yake atakuya, asikie banamuita.”

Niliandika jina, herufi moja moja, mahali ambapo kila siku naandika TN. Kifaa kikalia pii. Mama alicheka kidogo kwa ule mlio, akaingia ndani kuwasha mbabula, jiko lake la makaa. Hapo ganzi ilinitoka. Niliinama kama mtu anayetafuta kitu ndani ya mkoba, nikalia.

Mahali pa uwanja wetu wa zamani sasa ni hewa, shimo limepita. Pointi tano bado ninazo kwenye faili ambalo silifuti. Mama amepanda maua madogo ya njano pale karibu na ukuta, na wageni huwaambia bila kuficha kwamba ni mwanawe, anamngoja baba yake. Zamani nilikuwa namwomba Mungu baba arudi. Siku hizi mama peke yake ndiye anayeomba. Mimi nasema amina kwa sauti, na moyoni naomba asirudi, asije akaniuliza mimi mtoto yuko wapi.