Secilia Hakuwa Mpole

Dada yangu Secilia alifariki Jumanne. Sisi Walutheri wa Mlalo hatumziki mtu kabla wasifu wake haujasomwa, na anayeuandika ni Kornelio, mzee wa kanisa. Siku hizi haandiki. Anaiambia simu yake, simu inaandika, yeye anakunywa chai.

Jumatano asubuhi alikuja, akanipa shikamoo, akanisomea, maana mimi nasoma herufi moja moja. Simu ilisema Secilia alikuwa mama mpole, aliyetembea kilomita nyingi juani kufuata maji. Nikamuuliza, jua lipi? Hapa ukungu unaondoka saa nne, na maji yanapita kwenye mfereji nyuma ya jiko lake. Akasema labda simu imesikia habari za bibi wa mahali pengine, ikadhani wote ni mmoja.

Na lile la lumbesa, je? Secilia ndiye aliyeyakataa sokoni yale magunia yanayoongezwa viazi juu mpaka yanakuwa gunia na nusu. Alimwaga viazi vyote chini, akamchapa ndala Faraji, mnunuzi. Simu iliandika kwamba alimaliza tofauti zake kwa mazungumzo.

Kornelio akaibembeleza. Ikajibu kuwa ni vyema kuacha mambo yanayoweza kuwaumiza wafiwa.

"Mfiwa ni mimi," nikasema. "Imeniuliza?"

"Lakini mama, kaburini watu wanapenda maneno mazuri."

"Basi kamzikeni huyo mpole. Secilia wangu hatoki humu ndani."

Nikavuta kigoda, nikakaa mlangoni. Kornelio ananijua, akatafuta kalamu. Ile simu haina roho mbaya, inaogopa lawama tu, kama yeye. Nikamtajia: mchumba kutoka Bungu aliyerudishwa kwao pamoja na kuku wake wa posa, kwaya aliyoihama mara mbili, watoto wa watu aliowalisha huku akiwagombeza, na Faraji, aliyechapwa ndala mara moja.

Alhamisi Kornelio akasoma. Watu walicheka huku wakifuta machozi. Faraji naye alikuja, mzee sasa, na baraghashia yake. Akanyoosha mkono.

"Poleni, wafiwa. Ilikuwa mara tatu."

Kweli ilikuwa tatu. Mimi ndiye niliyepunguza, niliona aibu kwa ajili ya ukoo. Kornelio akanitazama. Nikamwambia asahihishe palepale, asome upya sauti ifike nyuma. Akasoma, ndipo tukafukia.