Kipima Spidi na Boma la Jirani

Kwenye steshenari niliyokuwa nafanya kazi pale Kewanja, wilayani Tarime, swali la kwanza la kila mteja lilikuwa lile lile: "Dada, mtandao upo?" Walikuja vijana wa kutuma maombi ya kazi, wazazi wa kuangalia matokeo ya watoto, walimu wa kuchapa mitihani. Nami nilijibu, "Upo, ila unasumbua." Nilisema hivyo asubuhi, nikasema hivyo jioni, mpaka siku moja nikajisikia aibu, maana sikujua nilichokuwa nasema. Unasumbua kiasi gani? Mteja angoje au arudi kesho? Nilikuwa nabahatisha tu kama mtu anayeangalia mawingu.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kujifunza kuandika programu. Hakuna aliyenituma. Mchana wateja wakipungua nilifungua masomo ya bure kwenye kompyuta ya dukani, na mama mwenye duka aliniruhusu ilimradi nisimuache mtu amesimama kaunta. Nilikuwa nimeshatengeneza kikokotoo cha wastani wa alama za wanafunzi, kikafanya kazi vizuri isipokuwa kwa mtoto aliyepata sifuri. Baada ya hapo nikaamua kwamba kitu changu cha pili kitakuwa kipima spidi ya mtandao.

Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa mwalimu wa hisabati wa sekondari, mtu wa Iringa aliyepangiwa kazi huku kwetu na aliyezoea kuja dukani kutoa kopi. Aliniuliza kwa nini nijisumbue wakati vipimo vya aina hiyo vimejaa mtandaoni.

Nikamwambia, "Najua vipo. Vinanilia bando na vinaongea Kiingereza. Halafu nataka nijue ndani yake kuna nini."

Akavuta stuli. Alinieleza kwamba ndani hakuna uchawi. Unachukua faili ambalo ukubwa wake unaujua, unalivuta kutoka kwenye mtandao, unaangalia saa likianza na saa likimaliza, kisha unagawa ukubwa kwa muda. Hesabu ya darasa la sita. Nilibaki nacheka peke yangu alipoondoka. Kitu nilichokuwa nakiogopa kilikuwa ni kugawanya.

Faili nililochagua ni picha ya ng'ombe wa bibi, yule mwenye pembe moja iliyoinama. Nikaiweka kwenye seva ya bure huko mtandaoni, nikaandika ukurasa wenye kitufe kimoja, nikabonyeza. Ikatokea namba ndogo ya kusikitisha. Nikabonyeza tena. Sasa ikatokea namba kubwa ajabu, spidi ambayo nadhani hata Dar es Salaam hawana. Nikabonyeza mara ya tatu, vilevile. Nikaamini kwamba mtandao umefunguka, nikamwita mama mwenye duka aje aone. Akaja, akasifu, na kijana mmoja aliyekuwa kwenye benchi akasema basi na yeye tumtumie vyeti vyake haraka kabla mambo hayajabadilika.

Vyeti havikwenda. Kile kiduara cha kusubiri kilizunguka, kikazunguka, na watu wote wa kwenye benchi wakawa wananitazama mimi badala ya kompyuta. Namba yangu kubwa bado ilikuwa inang'aa pale juu.

Kesho yake nilimwonyesha mwalimu. Hakunicheka. Aliniuliza tu, "Ukizima data kabisa, inasema nini?"

Nikazima data, nikabonyeza. Kipima spidi changu kikasema mtandao unapaa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kompyuta ilikuwa imeshaitunza ile picha mara ya kwanza, kwa hiyo kila nilipoiomba tena ilinipa ya ndani, haikwenda popote. Nilikuwa napima spidi ya kompyuta kujikumbusha sura ya ng'ombe. Nilicheka mpaka machozi, na mwalimu naye safari hii akacheka. Dawa yake haikuwa ngumu: kila ninapoiomba picha, nibandike namba mpya mwishoni mwa anwani yake, ili kompyuta idhani ni picha nyingine na ilazimike kwenda kuifuata. Ilinichukua jioni kadhaa kuliweka hilo sawasawa. Kisha nikagundua kwamba namba zangu ziko chini ya za vipimo vingine mara nane, na nikahangaika sana kabla ya kusoma mahali kwamba wenzangu wanahesabu kwa biti na mimi nahesabu kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Nikazidisha kwa nane. Zikalingana. Nilitoka nje ya duka nikasimama barabarani kidogo, malori yananipita na vumbi, nikajisikia mrefu.

Nyumbani nilikuwa naishi na bibi. Yeye ndiye aliyetulea mimi na mdogo wangu tangu tukiwa wadogo, na ndiye aliyeuza ndama ili mdogo wangu aende chuo cha uuguzi Mwanza. Kiswahili anakielewa, anakisema kidogo kidogo akichanganya na Kikurya chetu, lakini kusoma hajui. Nilipomwonyesha kazi yangu aliangalia zile namba, akasema ni nzuri. Nilimjua, alisema vile kwa kunihurumia. Swali lake lilikuwa la maana kuliko sifa yake. Aliuliza, mtu kama yeye atajuaje kama namba hiyo ni njema au mbaya?

Nililala na swali hilo. Asubuhi nikaanza kuchora. Nilichora ng'ombe wanne: aliyelala, aliyesimama, anayetembea, na anayekimbia mkia juu. Mtandao ukiwa hauna kitu, anatokea aliyelala. Ukitosha ujumbe tu, aliyesimama. Ukitosha picha, anatembea. Ukitosha video bila kukwama, anakimbia. Chini yake niliandika maneno ya Kiswahili cha kawaida kwa wanaosoma. Nilipompelekea bibi simu alibonyeza mwenyewe, akatazama, akasema, "Amelala huyu. Mtandao umelala." Sikumweleza chochote zaidi.

Basi ikafika barua ya mahafali ya mdogo wangu. Mama yetu, ambaye hatuishi naye, na baba mdogo ndio waliopangwa kwenda Mwanza. Bibi nyonga zake zilikuwa hazimruhusu kukaa ndani ya basi mwendo mrefu, na alilijua hilo, lakini siku zile hakutaka hata kuulizwa habari za safari. Mdogo wangu alipopiga simu na kusema chuo kitaonyesha sherehe laivu mtandaoni, bibi alinigeukia mimi. Alinitazama tu kana kwamba jambo hilo sasa liko mikononi mwangu.

Pale nyumbani kwetu kuna kilima kinachotukinga na mnara wa simu. Nilipima sebuleni, ng'ombe akalala. Jikoni akalala. Uani akasimama kidogo, akalala tena. Nikaanza kuzunguka kijijini na simu mkononi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na watu wakaanza kuniuliza kama nimepoteza kitu. Kanisani alitembea vizuri, ila kanisa liko mbali kwa miguu ya bibi. Shuleni alitembea. Mahali alipokimbia, na kukimbia kila siku niliyopima, ni mahali pamoja tu: mlangoni kwa boma la ng'ombe la jirani yetu wa upande wa juu.

Nilitamani iwe popote pengine. Bibi na jirani yule walikuwa hawasalimiani tangu masika, maksai wake walipovunja uzio wa katani na kula mahindi ya bibi. Yalisemwa maneno mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, maneno mazito pande zote mbili, na bibi alikuwa ameapa kwamba mguu wake hautakanyaga kule. Nilipima tena upande wetu wa uzio, nikihama hatua kwa hatua, nikiombea huyo ng'ombe akimbie hata mara moja. Alitembea, akasimama.

Mwishowe nilimwambia ukweli wakati tunapukuchua mahindi. Aliendelea kupukuchua. Nilidhani amekataa.

"Mara ya kwanza hiki kitu chako kilidanganya," akasema.

"Kilidanganya, bibi. Nikakitengeneza."

"Na sasa?"

"Sasa hakidanganyi."

Akapangusa mikono, akaomba simu na fimbo yake. Tulipanda pamoja, yeye mbele, taratibu, akisimama kila baada ya mwendo mfupi kubonyeza na kutazama. Nilikuwa nyuma yake kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani, kwa sababu bibi hakuwa anaupima mtandao peke yake. Tulipofika mlangoni kwa lile boma akabonyeza mara ya mwisho, akaiinua simu karibu na macho, na nikajua kwa kuutazama mgongo wake tu kwamba ng'ombe amekimbia.

Jirani alitoka na kibuyu cha maziwa mkononi. Ni mtu mzima, lakini kwa bibi ni mtoto. Alishtuka kutuona, akasita, kisha akaweka kibuyu chini akasema shikamoo. Bibi alimwacha asubiri muda mrefu kuliko kawaida. Akaitikia, "Marahaba."

Kisha akasema kwa Kikurya, na mimi naweka hapa kwa Kiswahili: "Mjukuu wangu ametengeneza kitu cha kupima mtandao. Amepima kijiji kizima. Kinasema mtandao uko kwako."

"Kwangu?" jirani akauliza.

"Hapa hapa uliposimama. Na Jumamosi nataka kumwona mjukuu wangu mwingine akivaa joho."

Jirani aliitazama simu, akanitazama mimi, akautazama mlango wa boma lake kama anauona kwa mara ya kwanza. Akasema atawatoa ng'ombe mapema na watafagia.

Walifagia kweli. Jumamosi tulikuta viti vimepangwa, mke wa jirani ameweka chai kwenye birika kubwa, na majirani wengine wamekuja bila kualikwa. Mwalimu wa hisabati naye alikuwepo, amevaa shati jeupe. Nilikuwa nimeazima kompyuta ya dukani, nikaiunganisha na simu yangu, picha ikaja safi: ukumbi, majoho, wazazi wenye maua. Halafu, kabla ya kuitwa majina, ikakwama.

Watu wakaguna. Nilipima haraka kwenye simu. Ng'ombe alikuwa amesimama. Nikatazama huku na huku nikaona kilichotokea. Nusu ya waliokaa pale walikuwa wameshika simu zao, wengine wanatazama sherehe hiyo hiyo, wengine wanatuma picha za kujionyesha wako wapi. Wote tulikuwa tunavuta kwenye mnara mmoja. Nikasimama mbele ya wakubwa zangu, kitu ambacho si tabia yangu, nikaomba kila mtu azime data. Nilisema kwa heshima lakini nilisema kwa sauti. Jirani akawa wa kwanza kuzima, akainua simu yake juu wote waone. Wengine wakafuata. Nikapima tena mbele yao, ng'ombe akatembea, kisha akakimbia, na picha ikarudi.

Jina la mdogo wangu lilipoitwa, bibi alisimama bila fimbo. Mdogo wangu alipanda jukwaani, akapewa cheti chake, akageuka kwenye kamera kwa sekunde chache tu, na zile sekunde zilipita bila kukatika hata moja. Bibi alipiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakaanza kubweka. Wanawake wakampokea. Mimi nilikuwa nimeishika kompyuta kwa mikono miwili kama vile ningeiachia mdogo wangu angeanguka jukwaani.

Baadaye, watu wakinywa chai, mzee mmoja alimpongeza bibi kwa kuwa na mjukuu nesi. Bibi akashukuru, kisha akanivuta mkono mbele yake akasema, "Ninao wawili. Yule ni nesi. Huyu ndiye aliyetuonyesha." Nimesifiwa mara kadhaa tangu siku ile na watu wenye elimu kubwa, na hakuna sifa iliyonikaa kama ile.

Ugomvi wa uzio haukuisha, tusidanganyane. Bado wanabishana kuhusu katani ipandwe wapi, ila sasa wanabishana baada ya kusalimiana. Kipima spidi nacho kimetembea. Dada mmoja wa mapokezi kwenye kambi ya watalii karibu na Robanda alikipata kupitia kwa mwalimu, akaniandikia kwamba anakitumia kujua awakalishe wapi wageni wanaotaka kupiga simu za video, na akaniomba nimtengenezee cha kwake chenye nyumbu. Nilimtengenezea. Mwalimu alinialika pia nizungumze na kidato cha tatu, na nilisimama ubaoni na chaki nikawaonyesha kugawa ukubwa kwa muda, pamoja na kosa langu la picha iliyotunzwa, ambalo walilipenda kuliko mengine yote.

Mwezi uliopita nilikwenda Tarime mjini kufungua akaunti ya benki. Kijana wa dirishani aliuliza jina, akauliza ninakoishi, akauliza kazi. Zamani ningesema niko steshenari. Nilimwambia natengeneza programu za kompyuta. Akaandika hivyo hivyo bila kuinua kichwa, akaendelea na swali linalofuata.